Kiti Salama ni Salama kwa Nani? Somo kutoka Kusini mwa Chicago

Mwanafunzi mmoja aliniuliza hivi karibuni, tukiwa katikati ya mhadhara wa mifumo ya uchaguzi: “Dokta, kuna haja gani ya kupiga kura mahali ambapo chama kitakachoshinda kinajulikana hata kabla karatasi hazijachapishwa?” Darasa likacheka, nami nikacheka nalo. Lakini swali hilo halikustahili kicheko, na jibu nililolitoa siku ile halikuniridhisha. Leo nalijibu upya kwa kutumia historia ya eneo moja la uchaguzi lililo mbali nasi, kwa sababu mbali huonyesha vizuri yale ambayo karibu tumeyazoea.

Eneo hilo ni Wilaya ya Kwanza ya uchaguzi ya Illinois, nchini Marekani. Wao huita wilaya, sisi tungeita jimbo la ubunge. Kwa miongo mingi kitovu chake kimekuwa upande wa kusini wa jiji la Chicago, ingawa mipaka imechorwa upya mara kadhaa na sasa inafika hadi mashambani. Tangu 1929 kila aliyekikalia kiti hicho katika Baraza la Wawakilishi amekuwa mtu mweusi. Tangu Januari 1935 kila mmoja wao amekuwa wa chama cha Democratic. Katika muda wa zaidi ya miaka 90 kiti hicho kimekaliwa na watu tisa tu.

Wapo wanaoisoma historia hii kama shangwe: watu waliotoka kwenye utumwa wamejipatia sauti yao na hawajaipoteza. Wapo wanaoisoma kama kejeli: uchaguzi usio na ushindani si uchaguzi. Nasema wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja. Wote wanatazama kura ya Novemba, ilhali mambo yameamuliwa miezi mingi kabla yake.

Tuanze na mwanzo. Oscar De Priest, mtoto wa wazazi waliowahi kuwa watumwa, alichaguliwa 1928. Hakukuwa na mtu mweusi katika Kongresi tangu George Henry White wa North Carolina aondoke 1901. De Priest alikuwa Republican, kwa kuwa wakati huo watu weusi wengi walikipigia kura chama cha Lincoln kama deni la ukombozi. Kisha ikaja dhiki kuu ya uchumi. De Priest akapinga misaada ya serikali kuu wakati wapiga kura wake wakiwa hawana kazi wala chakula. Mwaka 1934 wakamwondoa, wakamweka Arthur Mitchell, Democrat wa kwanza mweusi kuingia Kongresi. De Priest alijaribu tena 1936, akashindwa tena.

Hapo pana funzo la kwanza. Watu wale walivunja uaminifu wa miaka 70 kwa chama kimoja, tena wakamwondoa mtu wa kabila lao aliyekuwa fahari ya taifa zima la watu weusi. Hawakumchukia. Walimpima, wakamwona amepungua. Huo ndio uraia. Ila hata ushindi huo ulikuwa na kivuli chake: Mitchell hakuwa ameshinda uchaguzi wa awali wa chama. Mshindi alifariki, na makada wakakaa kikao wakamteua yeye. Mlango wa nyuma ulikuwapo tangu siku ya kwanza.

Aliyeuelewa mlango huo kuliko wote ni William Dawson. Alikuwa diwani wa Republican, akagombea ubunge kwa chama hicho 1938 na kushindwa. Akahamia Democratic, na 1942 akachaguliwa. Alikaa bungeni hadi alipofariki 1970. Tusimdhulumu: 1949 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza kamati ya kudumu ya Baraza la Wawakilishi, na alisimama kupinga ubaguzi jeshini. Lakini nguvu yake haikutoka kwenye hoja. Ilitoka kwenye mtambo wa chama: kata zilizopangwa hadi ngazi ya mtaa, na kila mtaa na msimamizi wake, mtu wa kufanana na balozi wetu wa nyumba kumi wa zamani, aliyejua nani ana kazi ya manispaa, nani anaidai, na nani hakupiga kura.

Mwaka 1955 kata za Dawson zilisaidia kumpa Richard J. Daley umeya wa Chicago. Malipo yalikuwaje? Katika eneo hilohilo yalijengwa majengo ya Robert Taylor Homes, 28 kwa idadi, kila moja ghorofa 16, yakakamilika 1962. Familia maskini za watu weusi zilirundikwa humo katika mstari mmoja wa zege, ili mitaa ya wazungu isiguswe. Mwaka mmoja baada ya ushindi wa Daley, Kongresi ilipojadili kuzinyima fedha shule zenye ubaguzi, Dawson alipinga pendekezo hilo, kwa hoja kwamba lingeua muswada mzima wa elimu. Huenda hoja hiyo ilikuwa na uzito. Nauliza tu: mbunge asiye na hofu ya kuondolewa anajibu kwa nani? Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Dawson alisifiwa kwa miaka 27.

Sasa funzo la pili, ambalo wenye kejeli hawalitaki. Mrithi wa Dawson alikuwa Ralph Metcalfe, mwanariadha aliyepata medali katika Olimpiki ya Berlin ya 1936. Alikuwa mtu wa Daley, amechaguliwa na mtambo, amelelewa na mtambo. Mwaka 1972, baada ya polisi kuwatendea ukatili madaktari wa meno weusi waliokuwa watu wa heshima katika jamii, Metcalfe alimgeuka meya hadharani. Akanyang’anywa nafasi za ajira alizokuwa akizigawa. Mwaka 1976 mtambo ukamsimamishia mpinzani katika uchaguzi wa awali. Watu wakajitokeza, na Metcalfe akashinda kwa kishindo.

Angalia kilichotokea. Chama ni kilekile. Rangi ya wagombea ni ileile. Republican hakuwa na nafasi yoyote. Hata hivyo uchaguzi ulikuwapo, tena mkali, na ulikuwa na maana, kwa sababu wananchi waliutambua ulipo.

Metcalfe alipofariki Oktoba 1978, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, makada walikutana tena na kumteua Bennett Stewart, mtiifu wao. Novemba akashinda, kama ambavyo angeshinda yeyote mwenye nembo ile. Lakini 1980 wapiga kura walimngoja katika uchaguzi wa awali, wakamwondoa, wakamchagua Harold Washington. Miaka mitatu baadaye, baada ya kampeni iliyoandikisha wapiga kura wapya zaidi ya laki moja, Washington akawa meya wa kwanza mweusi wa Chicago, kwa chini ya asilimia 52 ya kura. Maelfu kwa maelfu ya Democrat wazungu walimkimbilia mgombea wa Republican, katika jiji ambalo halikuwa limemchagua meya wa chama hicho tangu 1927. Hivyo ule uaminifu kwa chama, ambao watu weusi walidaiwa kila mwaka, ulionekana siku hiyo kuwa deni la upande mmoja.

Wasomaji wa kwetu, hasa Kenya, wanalijua eneo hili kwa sababu nyingine ingawa wengi hawana habari. Mwaka 2000 mwana wa Mkenya, Barack Obama, aligombea kiti hiki katika uchaguzi wa awali dhidi ya Bobby Rush, mmoja wa waasisi wa tawi la Illinois la Black Panther. Rush alipata takriban asilimia 61, Obama 30. Rush mwenyewe alikuwa ameingia 1992 kwa kumng’oa mbunge aliyekuwapo, Charles Hayes, katika uchaguzi wa awali, baada ya kashfa ya hundi zisizo na salio katika benki ya Bunge. Baada ya hapo alikaa miaka 30. Alipoondoka, 2022, walijitokeza wagombea 17 wa Democratic, na Jonathan Jackson akapita akiwa na chini ya theluthi moja ya kura. Sheria za Illinois hazidai duru ya pili. Zaidi ya theluthi mbili ya waliopiga kura walimtaka mtu mwingine, na Novemba ikaja kuthibitisha tu.

Ndiyo maana nasema neno “kiti salama” ni neno la hila. Husemwa kana kwamba wananchi ndio walio salama. Aliye salama ni mwenye kiti, na kikao kinachomteua. Na usalama huo hautokani na wananchi kukipenda chama kimoja. Unatokana na wananchi kuacha uamuzi ufanyike wasipokuwapo. Asiyekuwapo na lake halipo.

Nitaambiwa: dawa ni kuhamia chama cha pili. Kwa watu wa kusini mwa Chicago, chama cha pili kiliacha zamani kuwabembeleza. Siwezi kumlaumu mtu kwa kutoingia nyumba ambayo hakukaribishwa. Lakini katika Illinois mpigakura haitaji kadi ya chama ili ashiriki uchaguzi wa awali, anaomba tu karatasi ya chama anachokitaka. Mlango uko wazi. Mwaka 1976 na 1980 waliupita, na waliupita kwa miguu, si kwa matamko.

Kwa hiyo, kwa mwanafunzi wangu, jibu langu ni hili. Kupiga kura mahali ambapo chama kitakachoshinda kinajulikana kuna haja kubwa, lakini ni lazima ujue ni kura ipi. Mahali ambapo wagombea huteuliwa kwa kura ya wanachama, hapo ndipo uchaguzi ulipo. Mahali ambapo kikao cha wachache kinaweza kuifuta kura hiyo, hapo ndipo pa kupigania: uteuzi uwe na tarehe inayojulikana, daftari linaloonekana, matokeo yanayoheshimiwa, na mshindi mwenye wingi wa kweli. Watumishi wa umma mnaoandika kanuni, wanaharakati mnaoandaa elimu ya mpigakura, acheni kutufundisha jinsi ya kukunja karatasi siku ya mwisho tu.

De Priest aliondolewa na watu waliomheshimu. Stewart aliondolewa na watu waliokuwa wamempigia kura miaka miwili tu iliyotangulia. Watu hao hawakubadilisha rangi yao, na wa 1980 hawakubadilisha hata chama. Walichobadilisha ni siku waliyoamua kufika kituoni.