Anwani ya Nyumba Si Nyumba

Kutoka Ruiru hadi Thika, vyuo vimejipanga kando ya barabara kuu, na vijana wengi wanaosomea kompyuta humo hutunza kazi zao katika mifumo ya kudhibiti matoleo. Ulio mashuhuri zaidi ni Git, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005. Mfumo huu huhifadhi mabadiliko ya faili hatua kwa hatua, ili kilichofutwa leo kiweze kurejeshwa kesho.

Hata hivyo, ipo faili ya aina ya pekee inayowapotosha wengi, nayo ni kiungo cha ishara. Faili hii haibebi kazi yenyewe bali njia ya kuifikia faili nyingine. Sisi wanaisimu tunaifahamu hali hiyo: kamusi inapomwambia msomaji atazame neno jingine, haijampa maana, imemwonyesha tu iliko.

Chukulia kwamba mwanafunzi wa Ruiru ameiacha data ya tasnifu yake nje ya mradi, na ndani akaweka kiungo. Git haukifuati. Huiandika njia hiyo kama maandishi mafupi na kuyatia alama ya 120000, yaani hiki ni kiungo. Mwenzake wa Thika akiunakili mradi, hupata anwani ya nyumba isiyokuwapo katika mashine yake. Akiwa na Windows isiyoruhusu viungo, hupata faili ya kawaida yenye mstari mmoja tu. Kompyuta ya Ruiru ikiibwa, data imekwenda nayo.

Wapo wanaodai kwamba Git ungepaswa kuibeba faili nzima. Siafikiani nao. Kiungo chaweza kuelekea popote, hata kwenye barua za siri za mwenye mashine. Mfumo wa kuzichukua bila idhini ungekuwa hatari kubwa zaidi. CVS, mfumo mkongwe, haukuvihifadhi viungo kabisa. Git angalau huhifadhi ukweli ulivyo.

Kasoro imo katika mafundisho. Walimu hawana budi kueleza, tena kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwamba data iwekwe ndani ya mradi. Kwamba njia ianzie pale kilipo kiungo, si kwenye mzizi wa mashine. Na kwamba nakala ijaribiwe katika kompyuta nyingine kabla ya tasnifu kuwasilishwa. Asiyefanya hivyo amehifadhi jina la kazi yake, wala si kazi.