Mtoto anachelewa kusema? Subiri sekunde kumi, usisubiri mwaka

“Atasema tu.” Mama mwenye mtoto anayechelewa kusema ameshaambiwa hivyo na mama mkwe, jirani, wifi na hata abiria aliyekaa naye kiti kimoja kwenye daladala. Ushahidi nao haukosekani. Baba yake naye alichelewa, na leo akianza kuongea hanyamazi. Watoto wa kiume ndivyo walivyo. Kila mtoto na siku yake.

Wanaosema hivyo hawana nia mbaya, wanataka kumtuliza mama. Tena mara nyingi wanapatia, kwa sababu watoto wengi wanaochelewa kuongea huja kuwafikia wenzao. Shida ni kwamba, kwa kumtazama tu, hakuna bibi wala jirani anayeweza kujua kama mtoto wako atawafikia wenzake mwenyewe au ni yule asiyesikia vizuri. Wote wawili wanacheza, wanacheka na wanakula vizuri. Tofauti huja kuonekana baadaye, wakati miaka ambayo ubongo hupokea lugha kwa urahisi zaidi imeshapita.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, leo tuzungumzie kusubiri. Kuna kusubiri kwa miaka, ambako kunaweza kumgharimu mtoto. Na kuna kusubiri kwa sekunde kumi, ambako wengi wetu hatukujui, na ndiko kunakomsaidia kusema.

Lini uanze kuuliza

Watoto hawalingani, lakini kuna vituo ambavyo wengi wao huvipitia.

Akikaribia mwaka mmoja, mtoto hugeuka akiitwa jina lake, hupunga mkono wa kwaheri na huanza kusema “mama” au “baba” akimaanisha mtu huyo. Akifika miezi 15 huwa na neno jingine moja au mawili. Miezi 18, maneno matatu au zaidi mbali na mama na baba, na ukimwambia “lete kiatu” bila kumwonyesha kwa mkono, anakileta. Miaka 2, anaunganisha maneno mawili: “mama maji”, “baba kaenda”. Miaka 2 na nusu, ana maneno yapatayo 50.

Neno si lazima litoke safi. Akisema “ndisi” kila anapotaka ndizi, hilo ni neno. Akimwita paka “nyau” kila siku, nalo lihesabu. Ukisikia “taka uji” badala ya “nataka uji”, usihangaike, watoto wanaojifunza Kiswahili huanza kwa kuacha viambishi vya mwanzo.

Angalia pia anachoelewa, maana hicho kina uzito kuliko anachosema. Mtoto wa miaka 2 mwenye maneno machache, lakini anayeelewa unachomwambia, anayekuonyesha kitu kwa kidole kisha akakutazama usoni kuona kama nawe umekiona, ana msingi mzuri. Mtoto asiyeitika jina, asiyeonyesha kidole, asiyekutazama machoni, huyo apelekwe hospitali mapema, kwa sababu hizo zinaweza kuwa dalili za usonji au za kutosikia. Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza, usimsubirie hata mwezi.

Anza na masikio

Kabla ya kufikiria lolote jingine, mtoto apimwe masikio. Mtoto hawezi kusema asichokisikia, naye hawezi kukuambia kwamba hasikii, kwa sababu hajui kwamba wenzake wanasikia zaidi yake.

Wazazi wengi hukataa hapa. “Anasikia vizuri, mlango ukigongwa anashtuka.” Kushtuka hakutoshi. Kuna mtoto anayesikia mlango, ngoma na honi ya bodaboda, lakini hasikii sauti nyembamba kama za “s” na “f”. Kwake maneno yanamfikia nusunusu, kama redio iliyokaa vibaya kwenye mawimbi.

Fikiria kilichotokea mtoto aliyepata manjano makali baada ya kuzaliwa, aliyeugua homa ya uti wa mgongo, au ambaye masikio yake yamekuwa yakitoa usaha mara kwa mara. Hayo yote yanaweza kuharibu usikivu. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika. Usaha wa sikio si jambo la kuzoea wala la kutiliwa mafuta ya kupikia. Ni la kutibiwa.

Nyumbani unaweza kujaribu hivi. Mtoto akiwa anacheza, simama nyuma yake mahali asipokuona, umwite kwa sauti ya chini. Rudia siku nyingine, upande mwingine. Asipogeuka, nenda kituo cha afya uombe rufaa ya kuonana na daktari wa masikio, pua na koo. Akigeuka, bado mpeleke kama maneno hayaji, kwa kuwa jaribio la nyumbani si kipimo. Hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili, KCMC na Bugando zina kliniki za masikio. Muhimbili ilianza pia kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, na watoto wanaofaidika zaidi na vifaa hivyo ni wale waliogunduliwa mapema.

Kuna jambo moja linaloniuma. Mtoto asiyesikia vizuri mara nyingi huitwa mkaidi. Anaambiwa “njoo”, haji. Anaambiwa “acha”, haachi. Anachapwa. Anakua akiwa na jina la utukutu, kumbe alichokosa ni sauti tu. Kabla hujamchapa mtoto wa miaka 3 kwa kutotii, jiulize kwanza kama amekusikia.

Mtoto hujifunza kwa kujibizana

Sasa tuseme masikio ni mazima. Nyumbani tufanye nini?

Wengi wetu tumeambiwa “ongea naye sana”. Ni kweli, lakini nusu yake tu. Redio nayo huongea sana. Mtoto hujifunza pale maneno yanapokwenda na kurudi: wewe unasema, yeye anajibu kwa neno, kwa mlio, kwa kidole au kwa macho, nawe unampokea.

Kiswahili chenyewe kimejaa kupokezana. Hodi ina karibu yake. Shikamoo ina marahaba. Anayetaka kutega kitendawili husubiri kwanza aambiwe “tega”. Mtoto mdogo anahitaji zamu hiyo hiyo, na hapo ndipo zinapoingia sekunde kumi.

Sisi watu wazima tuna haraka. Tunamuuliza mtoto “unataka maji?” na kabla hajafungua mdomo tumeshajijibu, “haya, maji haya hapa”. Yeye bado alikuwa analitafuta neno. Kuanzia leo, ukisema naye, nyamaza. Mtazame usoni ukiwa umechuchumaa mkalingana urefu, kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Mwanzoni zitaonekana ndefu. Lakini ndani ya ukimya huo mtoto hugundua kwamba zamu ni yake.

Mambo mengine ya kufanya, na hayana gharama:

Fuata macho yake. Akimtazama kuku, mwongelee kuku. “Kuku! Kuku anakula. Kuku kakimbia!” Neno hushika haraka linapokuja wakati mtoto anakitazama kitu chenyewe.

Ongeza neno moja. Akisema “maji”, sema “maji baridi” au “mama, maji”. Akisema “gari”, sema “gari kubwa”. Usimsahihishe kwa “siyo ndisi, sema ndizi!” Wewe sema tu, “Eeh, ndizi. Ndizi tamu.” Ameshasikia linavyotamkwa.

Mpe sababu ya kusema. Mwekee uji kidogo kikombeni ili aombe tena. Mwekee mwanasesere mahali anapomwona lakini hamfikii. Mwulize, “Ndizi au chungwa?” huku umeshika vyote viwili. Akionyesha kwa kidole, mpe, na litaje jina la alichochagua. Usimnyime chakula mpaka aseme, kwa sababu hapo unamfundisha kuogopa kusema. Wala usidhani kuonyesha kwa kidole kutamfanya mvivu, kwani ishara hufungua njia ya maneno.

Acha kumtahini. “Sema maji! Haya sema! Waonyeshe wageni!” Hakuna anayefurahia mtihani sebuleni mbele ya wageni. Badala yake rudia neno moja mara nyingi katika kazi ya kawaida. Wakati wa kuoga: “Mkono huu, tuoshe. Mkono wa pili, tuoshe.” Wakati wa kuvaa: “Kiatu kimoja. Kiatu kingine kiko wapi?”

Imba ukiacha pengo. Wimbo wowote anaoupenda, uimbe kila siku, kisha siku moja simama kabla ya neno la mwisho umtazame. Kujificha nyuma ya kanga na kuuliza “Yuko wapi?” nako ni darasa. Ipo siku atajibu “Huyu!”

Chagua nyakati tatu ambazo tayari unakuwa naye: kuoga, kula na kulala. Dakika kumi kila wakati, simu ikiwa mbali. Kwa siku ni nusu saa.

Katuni hazisubiri jibu

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya televisheni au simu, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku.

Sababu ni ile ile ya zamu. Katuni husema, lakini hazisubiri. Ndiyo maana siku hizi unamkuta mtoto anayeimba ABC ya YouTube toka mwanzo mpaka mwisho na kutaja rangi kwa Kiingereza, lakini akiwa na kiu anakuvuta nguo hadi kwenye ndoo. Amekariri sauti, hajajifunza kuzungumza.

Kumpigia bibi kijijini kwa video ni jambo tofauti, kwa sababu bibi anajibu. Picha za familia zilizomo kwenye simu nazo zinafaa mkizitazama pamoja: “Huyu nani? … Shangazi! Shangazi anacheka.”

Hapa tusimsahau dada wa nyumbani. Katika nyumba nyingi za mjini ndiye anayeshinda na mtoto kuanzia asubuhi hadi jioni, akiwa na ufuaji, upishi na usafi wa nyumba juu yake. Akimwasha mtoto katuni ili aweze kupika, hakuna wa kumlaumu. Kaa naye umweleze haya, mpunguzie kazi moja, na mwombe afue huku mtoto akiwa karibu akimpa nguo mojamoja: “Nipe soksi. Asante. Nipe shati.” Kazi inakwenda, na maneno yanaingia.

Lugha mbili si tatizo

Kama nyumbani mnazungumza Kisukuma, Kihaya au Kichaga pamoja na Kiswahili, msiache. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema. Unapohesabu maneno yake, yajumlishe ya lugha zote. Mzungumzie kwa lugha ambayo wewe mwenyewe unaimudu, inayokutoka kwa utani na upendo. Kiingereza cha kuungaunga, kwa sababu tu ya shule anayokuja kusoma, hakitampa kitu ambacho lugha yako haiwezi kumpa.

Kuhusu kukatwa kikano cha chini ya ulimi, ambacho wengine hukiita udata: ulimi uliofungwa unaweza kutatiza kunyonya, na kwa wengine matamshi ya baadhi ya sauti, lakini si kawaida yake kumzuia mtoto kuanza kusema. Uamuzi wa kukata ni wa daktari baada ya kumwona mtoto. Na kukata kimeo kwa fundi wa mtaani kusikaribishwe kabisa. Mtoto anaweza kuvuja damu nyingi au kupata maambukizi, na maneno yasije.

Kwa akina baba

Mtoto akichelewa kusema, vidole vyote huelekezwa kwa mama. Alikula nini alipokuwa mjamzito? Kwa nini alirudi kazini mapema? Mama huyo anakesha akihesabu maneno ya mwanawe na kuyalinganisha na ya mtoto wa jirani.

Baba, huna haja ya kujua mengi. Nenda naye kliniki siku ya kupima masikio, ili asiende peke yake na asirudi peke yake na majibu. Jioni chukua zile dakika kumi za kuoga. Na ndugu wakisema “atasema tu”, wajibu wewe: “Inshallah atasema, na sisi tumeshaanza kumsaidia.”

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wiki hii fanya mawili: beba kadi ya kliniki ukaulizie kipimo cha masikio, na leo usiku, ukimuuliza mwanao kitu, nyamaza uhesabu hadi kumi. Huenda akajibu kwa jicho tu. Lipokee, umjibu, kesho mwendelee.