Kabla ya kumeza, tuwaige wakimbiaji

Na Selina Jerotich

Habari ya kitu kilichomfaa mtu haikawii kusambaa Eldoret. Mama mmoja akilala vizuri Langas, kabla ya Jumapili Kapsoya wanajua alimeza nini, na Iten kuna anayeulizia bei. Sina ugomvi na desturi hiyo. Ndiyo iliyotuonyesha mkunga mwenye mkono mwepesi na daktari anayewasikiliza watoto. Lakini siku hizi, katika chama changu na katika vyama vya wenzangu, jina linalopokezanwa ni la triptofani, asidi amino inayouzwa kwenye chupa kwa madai kwamba huleta usingizi na kuchangamsha moyo, pamoja na ndugu yake wa karibu, 5-HTP. Baadhi yetu huletewa na jamaa walio Marekani, wengine huagiza kwa simu. Na kila anayetoa ushuhuda huombwa palepale: niandikie jina.

Nami nimetumia triptofani. Baada ya kumzika mama yangu usingizi ulinihama, nikawa macho saa nane za usiku nikisikiliza mbwa wa majirani. Binamu yangu muuguzi aliye ng'ambo akaniletea chupa alipokuja likizo. Nilimeza, na baada ya muda nikaanza kulala. Huo ni ukweli na sitaukana. Lakini katika miezi hiyohiyo dada yangu alihamia kwangu, nikaacha chai ya jioni, nikarudi shambani kupalilia, na msiba wenyewe ukaanza kuzoeleka. Najua kwamba nililala. Kilichonilaza sikijui, na anayetaka niiapie ile chupa ananiomba nishuhudie jambo ambalo sikuliona.

Wazo lenyewe lina msingi. Triptofani ni mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, kwa hiyo hatuna budi kuzila. Frederick Hopkins na Sydney Cole waliitenga kwa mara ya kwanza huko Cambridge mwaka 1901. Mwilini, sehemu yake ndogo hugeuka kuwa 5-HTP, nayo 5-HTP hugeuka kuwa serotonini, kemikali inayohusika na usingizi, hamu ya chakula na hali ya moyo. Watafiti wamewahi kuwanyima triptofani kwa muda watu waliokuwa wamepata nafuu ya sonona kwa dawa, na baadhi yao huzuni ikawarudia. Anayesema kapsuli inaweza kumsaidia mtu hasemi upuuzi. Ushahidi ndio haba. Mwaka 2002 wataalamu wa Cochrane walikusanya majaribio 108 ya triptofani na 5-HTP dhidi ya sonona. Mawili tu yalikuwa na ubora wa kutegemewa, na yote mawili kwa pamoja yalikuwa na wagonjwa 64. Matokeo yaliegemea upande wa kapsuli, lakini wachambuzi wenyewe walisema hayatoshi kuamulia jambo. Mji wetu ulianzia kwenye shamba nambari 64, na hadi leo wengi tunauita Sixty Four. Idadi hiyo ya wagonjwa haiwezi kuubebea ushauri mji mzima.

Mimi ni binti wa mkulima wa mahindi, na hapa ndipo jambo hili linaponigusa zaidi. Uasin Gishu na Trans Nzoia ndizo zinazoilisha nchi mahindi, na mahindi ni maskini wa triptofani. Protini yake kuu, zeini, karibu haina kabisa. Mwaka 1906 Hopkins na Edith Willcock walionyesha kwamba panya waliolishwa zeini kama protini pekee hufa mapema, na wakiongezewa triptofani huishi muda mrefu zaidi. Triptofani ndiyo pia ambayo mwili huitumia kujitengenezea niasini, vitamini ambayo ikikosekana huleta pelagra: ngozi hubabuka, tumbo huharisha, akili huvurugika. Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa huo uliwaandama maskini wa kusini mwa Marekani walioishi kwa unga wa mahindi, na hospitali za wagonjwa wa akili zikawa na wengi wao. Joseph Goldberger, daktari wa serikali, alibadilisha mlo katika hospitali moja ya aina hiyo jimboni Georgia miaka ya 1914 na 1915. Aliongeza maziwa, mayai, nyama na jamii ya kunde. Pelagra ikatoweka miongoni mwa wagonjwa aliowalisha. Wala si hadithi ya kale na ya mbali. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikatikiwa na mgao wa njugu karanga wakabaki na mahindi, na karibu watu 18,000 wakaugua pelagra.

Ugali sina neno nao. Mwenye maziwa au mursik, mayai, ndengu au githeri yenye maharagwe ya kutosha hana upungufu wa kumtia hofu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtu mzima anahitaji takriban miligramu 4 za triptofani kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani kama miligramu 240 kwa mtu wa kilo 60. Glasi ya maziwa humpa karibu 100, na yai moja karibu 80. Maziwa hayatibu sonona, na sitaki mtu aniandikie kwamba nilisema hivyo. Triptofani ya chakula hugombea njia ya kuingia ubongoni na asidi amino nyingine zilizomo katika chakula hichohicho, kwa hiyo haiwezi kufanya kazi ya kapsuli. Ninachosema ni kwamba kuna nyumba za Langas na Huruma ambako chakula cha jioni ni ugali na sukuma wiki hadi mwisho wa mwezi, na watoto wa nyumba hizo ndio wenye upungufu wa asidi amino katika kaunti hii. Hao hakuna anayewaandikia jina la kitu. Mwaka 1964 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue walitangaza mahindi yenye jeni inayoongeza triptofani na lisini. Baadaye Evangelina Villegas na Surinder Vasal, wakiwa Mexico, waliyaboresha hadi yakafaa kulimwa na wakulima wa kawaida, wakapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2000. Natamani mbegu za aina hiyo zijadiliwe katika mikutano ya wakulima hapa kwetu kwa bidii ileile tunayoijadili bei ya mbolea.

Sasa turudi kwenye chupa. Mwaka 1989 Wamarekani wengi walikuwa wakimeza triptofani kwa ajili ya usingizi na moyo mzito, wakishuhudiana kama sisi. Oktoba mwaka huo, madaktari wa jimbo la New Mexico waliona wanawake watatu wenye maumivu makali ya misuli, na damu yao ikiwa na aina moja ya seli nyeupe kupita kiasi. Wote watatu walikuwa wakitumia triptofani. Mwandishi wa habari Tamar Stieber wa Albuquerque Journal aliifuatilia habari hiyo, kazi iliyompa Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Kufikia Novemba, mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilitaka vidonge hivyo viondolewe madukani. Watu zaidi ya 1,500 waliugua, na wasiopungua 37 wakafa. Uchunguzi uliwafikisha kwenye triptofani ya kampuni moja ya Japani, Showa Denko, iliyokuwa imebadilisha namna ya kuitengeneza na kuisafisha, na ndani yake kukapatikana uchafu wa kikemikali. Aliyekuwa amemeza kwa miaka mingi na kulala vizuri hakuwa mwongo. Chupa aliyonunua Januari na aliyonunua Septemba zilikuwa na jina lilelile, na hakuna ushuhuda wake ambao ungemwonyesha kilichobadilika kiwandani.

Wakimbiaji wetu wanaijua hatari hiyo kuliko sisi. Tunawaona kila alfajiri kwenye barabara ya Iten, lakini sidhani tumewahi kuwauliza wanavyochagua cha kumeza. Kanuni inayowaongoza ni kali: mwanariadha anawajibika kwa chochote kitakachopatikana mwilini mwake, hata kama hakukusudia, hata kama alipewa na mtu anayempenda. Asidi amino zenyewe hazijapigwa marufuku michezoni. Kinachowatia wasiwasi ni kilichochanganywa nazo bila kutajwa kwenye lebo. Shirika la kupambana na dawa haramu michezoni, ADAK, lipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2016, na Kenya iliponusurika kufungiwa mwaka 2022, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5 ili kuongeza upimaji na mafunzo. Kwa hiyo mkimbiaji makini humuuliza anayempa chupa imetengenezwa na nani, kama shehena ile imepimwa na maabara huru, na daktari wake anasemaje. Mwenzake kukimbia vizuri baada ya kuimeza si jibu la lolote kati ya hayo. Medali inalindwa kiasi hicho, na inastahili. Ini na akili ya mama wa chama vinastahili ulinzi uleule, na leo havina.

Wakimbiaji wana swali jingine ambalo sisi tunalisahau kabisa. Mwanariadha anapopimwa, kwenye fomu huandika dawa na virutubishi vyote alivyotumia siku 7 zilizotangulia. Vyote, pamoja na vya dukani.

Binti wa kaka yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu hapahapa, alikuwa ameandikiwa fluoksetini kwa sonona na alikuwa ameanza kupata nafuu. Rafiki aliyesaidiwa na 5-HTP akamgawia zake. Jioni moja akanipigia simu: "Shangazi, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio na nimelowa jasho." Tulimpeleka hospitali. Akaulizwa kama anatumia dawa nyingine yoyote, akasema hapana, na hakuwa anadanganya, kwani kwake kapsuli zile zilikuwa aina ya chakula. Ni muuguzi mmoja mtu mzima aliyerudi kumuuliza polepole kuhusu kila kitu alichotia kinywani tangu Jumatatu, chai ikiwemo, ndipo chupa ikatoka mkobani. Fluoksetini huifanya serotonini isiondolewe haraka kati ya seli za neva, nayo 5-HTP huiongeza. Vikikutana, serotonini inaweza kupita kiasi, na hali ikizidi huja homa kali, misuli hukakamaa, mtu huchanganyikiwa, hata kifo kinaweza kutokea. Walimsimamishia kapsuli na kumlaza chini ya uangalizi mpaka mwili ukatulia.

Dawa za sonona haziko peke yake katika hatari hii. Tramadoli ya maumivu imo, na linezolidi wanayopewa wagonjwa wa kifua kikuu sugu imo pia. Watu wanaotumia dawa hizo tunaishi nao. Wala tusidanganyane kwamba kitu cha mimea hakina madhara. 5-HTP ya chupani hutolewa hasa katika mbegu za Griffonia simplicifolia, mmea unaotambaa katika misitu ya Afrika Magharibi na Kati, na asili hiyo haikumkinga mtoto wetu.

Kilichoniuma kuliko yote ni kwamba fluoksetini aliimeza kwa siri, lakini zile kapsuli alizianika wazi mezani kwenye chumba anachoshiriki na wenzake. Ndivyo tulivyo. Mtu atanunua kitu cha usingizi bila haya, lakini kadi ya kliniki ya akili ataificha chini ya godoro. Aibu hiyo ina mizizi hadi katika sheria: kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi alipoamua kwamba kinakiuka Katiba. Jopo la Dkt. Frank Njenga lilikuwa limependekeza mwaka 2020 kwamba magonjwa ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Sisi wa Eldoret hatuna hata kisingizio cha umbali. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ina huduma za afya ya akili, na watu hutoka kaunti za mbali kuzifuata. Mwenye huzuni isiyoondoka kwa wiki kadhaa, au asiyeona sababu ya kuamka, aende huko kwanza, na akienda abebe kila chupa aliyo nayo nyumbani.

Wiki jana mwenzangu wa chama aliniomba jina la kapsuli zangu. Nilimuuliza kwanza anameza nini. Dawa ya presha, akasema, na tramadoli ya mgongo tangu alipoteleza sokoni. Jina sikumpa. Tulikwenda pamoja kwa mfamasia aliyesajiliwa, akamweleza kwa nini vitu hivyo havifai kukutana, kisha akamuuliza usingizi ulianza kumpotea lini. Tangu mume wangu aende Qatar, mama yule akajibu. Sote wa chama tulijua mumewe yuko Qatar, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza kama analala. Amepewa siku ya kumwona daktari, nami nitamsindikiza.