"-Anga" ya Bara Si ya Kuchekwa

Mtu wa Pwani akifika Eldoret hachelewi kulisikia: "Sisi tunaendanga sokoni asubuhi." Papo hapo hucheka, akasema watu wa bara wameiharibu lugha, kwetu husemwa "huenda". Nionavyo mimi, kicheko hicho hakina haki.

Hiyo "-anga" haikuzuliwa mjini. Waluhya wanayo katika lugha yao, na Wagikuyu wana "-aga". Zote huonyesha jambo lifanywalo mara kwa mara. A. E. Meeussen, mtaalamu wa Ubelgiji, alikitia kiambishi cha namna hiyo katika Kibantu cha kale, katika utafiti wake wa 1967. Basi Mluhya amehifadhi urithi wa babu, nasi ndio tulioupoteza.

Na si huo tu. Mgikuyu husema "gũra", yaani nunua, na akimnunulia mtu husema "gũrĩra". Sisi twasema "nunua", lakini tukimfanyia mwenzetu hutokea "l": nunulia, chukulia, fungulia. Hiyo ni sauti ya kale tuliyoimeza, nayo hurudi penye kiambishi. Hata toni tuliiacha, tukabaki na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: katika "piga" uko kwenye "pi", katika "pigana" huhamia "ga", katika "piganisha" huhamia "ni".

Atasema mtu: Kiswahili ni mtoto wa Kiarabu. Maneno tumepokea mengi, na ya dini ndiyo ya heshima zaidi. Lakini tazama: imamu husalisha watu, asilimuye husilimishwa. Shina ni la Kiarabu, mwisho wake ni wa Kibantu.

Wataalamu wa Ulaya, tangu William Jones alipotoa hotuba yake Calcutta mwaka 1786, hulinganisha Kigiriki, Kilatini na Kisanskriti ili wajue viambishi na mkazo wa lugha mama yao ulivyokuwa. Kwao, aliyehifadhi umbo la kale ni hazina.

Sisemi mwanafunzi aandike "tunaendanga" katika mtihani. Kiswahili sanifu kina mahali pake, na "hu-" yetu ni nzuri. Nasema tusahihishe bila dharau, maana tunayemcheka ni jamaa yetu. Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa.