Kabla Viwanja Havijauzwa

Lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imekwisha kutandazwa, na bandari mpya inajengwa ziwani. Njia iliyokuwa ikiwakwamisha wasafiri matopeni kila masika sasa inapitika mwaka mzima. Ni jambo la kushukuru. Lakini tazameni jinsi miji yetu miwili inavyokua tangu lami ifike: inajinyoosha kando ya barabara. Kila mwenye uwezo anatafuta kiwanja kinachotazama lami. Duka la dawa liko hapo, mashine ya kusaga iko hapo, wakala wa fedha na fundi baiskeli wako hapo. Nyuma yao, juu mlimani au ng'ambo ya bonde, wanabaki watu wanaolazimika kuteremka na kupanda kwa ajili ya kilo ya chumvi.

Toleo hili tumelitoa kwa ajili ya mtaa wanamoishi watu hao. Hoja yangu ni kwamba mtaa upangwe kwa mwendo wa mtu anayetembea na mzigo kichwani, na mwendo huo upimwe kabla viwanja havijauzwa.

Siku hizi dunia inausifu mji wa dakika 15, wazo la Profesa Carlos Moreno lililopata umaarufu Paris: shule, soko, tiba na kazi viwe karibu na nyumbani kiasi cha kufikika kwa miguu au baiskeli. Ni wazo zuri, ila sisi hatuanzii sifuri. Mwaka 1971 Tanzania ilijiwekea lengo la kufikisha maji ndani ya mita 400 za kila kaya ya kijijini katika miaka 20. Lengo halikufikiwa, lakini mita 400 zilirudi tena katika Sera ya Maji ya 2002. Mpango Mkuu wa Dodoma wa 1976 ulikusudia mji mkuu wa jumuiya ambazo mkazi wake angefika shuleni na dukani kwa miguu, mabasi yakiziunganisha. Mpango wa afya ya msingi wa 2007 ukaahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata.

Kasoro ni kwamba kila wizara ilihesabu umbali wake. Bomba linawekwa upande wa mashariki, zahanati inajengwa magharibi kwa kuwa huko ndiko eneo lilikopatikana, na shule inapelekwa mlimani. Kila moja inaweza kutimiza kiwango chake kwenye taarifa, na bado mama mmoja akazunguka mtaa mzima asubuhi nzima. Mahali pa kuvikutanisha vyote hivi ni mchoro wa mipango miji, na mchoro huo uko mikononi mwa halmashauri.

Umatengo una somo lake la zamani. Wamatengo waliligawa eneo lao kwa ntambo: mgongo wa mlima uliozungukwa na vijito, ambao ukoo mmoja uliishi na kulima humo. Nyumba zilikaa mgongoni na kahawa ikapandwa jirani nazo; ngolo, yaani mashimo ya kulimia, za maharage na mahindi zilifuata mteremko, na maji yalikuwa chini kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto waliuchunguza mfumo huo katika miaka ya 1990 na kuuheshimu. Sidai mji upangwe kiukoo, maana mji ni wa wageni pia. Ninachokitaka ni kanuni iliyomo: mipaka ya mtaa ifuate ardhi jinsi mguu unavyoijua. Kwenye ramani ya Mbinga, mita 400 zinaweza kuwa na kijito katikati na mteremko unaoteleza. Anayepima kwa rula atasema bomba liko karibu. Anayerudi na ndoo ya lita 20, na hapa tusizunguke, mara nyingi ni mwanamke au msichana, atasema mengine. Wakati mwingine daraja dogo la waenda kwa miguu huleta shule karibu kuliko shule mpya.

Njia zenyewe zinapotea. Kichochoro ambacho watoto wamekipita miaka yote hakina hati, hivyo siku ya upimaji kinamezwa na kiwanja cha mtu, uzio unapanda, na safari ya dakika tano inakuwa ya ishirini. Urasimishaji wa makazi uanze kwa kuvichora vichochoro hivyo, kisha viwanja vifuate.

Huko ziwani, Mbamba Bay na Liuli, kitovu cha mtaa ni mwalo. Mitumbwi inarudi alfajiri na usipa, dagaa wa ziwa hili; wanunuzi wanangoja, vichanja vya kuanikia viko hatua chache, na nyumba ziko nyuma yake. Karibu yote ambayo Paris inayatafuta yapo pale, isipokuwa choo cha umma na maji salama. Bandari na nyumba za wageni zitaongeza thamani ya mchanga ule, na nahofia uzio. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa ziwa. Ukanda huo uchorwe waziwazi kuwa njia ya watu, mahali pa mitumbwi na pa kuanika dagaa. Ukiachwa wazi kwenye ramani, atakayeuchukua ni mwenye nguvu.

Nimeambiwa bodaboda imemaliza habari ya umbali. Haijamaliza, imeutoza nauli, na nauli hiyo humwumiza zaidi asiye na kipato, hasa usiku mtoto anapowaka homa. Nimeambiwa pia halmashauri haina fedha za kujenga kila mahali. Ni kweli, lakini kutenga ardhi si kujenga. Eneo la soko na zahanati likitengwa leo, wakati pembezoni bado ni mashamba, gharama yake ni ndogo. Likitafutwa baada ya nyumba kusimama, linadai fidia isiyolipika. Na lililotengwa lisibadilishwe matumizi kimyakimya. Mashine ya kusaga, genge na mama lishe havihitaji hata shilingi ya serikali: vinahitaji ruhusa ya kukaa ndani ya mtaa.

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wananchi washirikishwe kabla mpango haujapitishwa. Basi mchoro ubandikwe kwenye ofisi ya kila kata, Mbinga na Mbamba Bay, na afisa mipango miji atembee na wakazi njia zote zilizomo humo, wakati wa masika, kabla ya kiwanja cha kwanza kutangazwa.