Alijua Anachofanya, Ila Hakuweza Kujizuia

Patrick Byrne hakuwa kichaa. Alimnyonga msichana kwenye hosteli mjini Birmingham, akaucharanga mwili wake, na alijua fika kwamba anatenda kosa. Lakini madaktari walieleza kuwa tamaa zake za kikatili zilimwanza tangu ujanani, na zikimpanda, kujizuia kulikuwa kugumu mno, pengine hakukuwezekana kabisa. Mwaka 1960 Jaji Mkuu wa Uingereza, Lord Parker, aliamua kwamba kazi ya akili haiishii kwenye kujua; kujizuia nako kumo. Hatia ya mauaji ya kukusudia ikafutwa, ikawekwa ya kosa dogo zaidi. Kifungo kikabaki cha maisha, vilevile.

Utetezi huo wa uwajibikaji uliopungua Uingereza iliurithi kutoka Scotland, ikauandika kwenye sheria mwaka 1957. Ajabu ni kwamba Waskoti wenyewe, katika kesi ya Carraher ya 1946, walikwisha kuwanyima utetezi huo watu wa aina ya Byrne, wenye kasoro ya haiba. Naielewa hofu yao. Ukiuliza ushahidi wa kasoro ya haiba, unaonyeshwa ukatili. Ukiuliza chanzo cha ukatili, unaambiwa kasoro ya haiba. Kwa hesabu hiyo, anayezidi unyama ndiye anayezidi kupata nafuu.

Hata hivyo, tukifunga mlango tunamfungia na Sally Challen. Mwaka 2010 alimuua mumewe kwa nyundo, akahukumiwa kwa mauaji ya kukusudia. Watu wanakumbuka manyanyaso ya mume. Lakini majaji wa rufaa walipoifuta hukumu hiyo mwaka 2019, walitegemea ushahidi mpya wa daktari wa akili: kasoro ya haiba pamoja na maradhi ya hisia, mambo ambayo kesi ya kwanza haikuyasikia. Miezi michache baadaye alikuwa huru.

Sheria ya Uingereza ya 2009 kuhusu utetezi huu inataka hali inayotambulika kitabibu, na iwe inaeleza kwa nini mtu aliua. Mimi ningedai zaidi: dalili zionekane nje ya mauaji yenyewe, kwenye majalada ya hospitali au maneno ya waliomlea.

Ila mzizi wa mabishano haya kuhusu kasoro ya haiba ni adhabu. Kwa mauaji ya kukusudia jaji wa Uingereza hana hiari: ni maisha tu. Angeachiwa kupima, Byrne angebaki gerezani, Challen angetoka, na juri isingelazimika kuamua nani ana haiba mbovu na nani ni mbaya tu.