Mshono Uliofichwa Hufa na Mwenyewe

Marehemu bibi yangu mzaa mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa kofia za mkono. Kofia zake zilikuwa na ua moja ambalo halikuonekana katika kofia ya mtu mwingine yeyote mtaani kwetu Lamu. Mgeni alipopiga hodi, bibi aliigeuza kazi yake chini juu na kuifunika kwa pindo la leso, hata mgeni huyo awe ni dada yake wa tumbo moja. Sisi wajukuu tukimwuliza, alisema, “Huu ni wangu. Nikifa mtaupata.” Akafa, wala hatukuupata. Tulichopata ni kofia moja kuukuu ya babu, imeliwa na nondo utosini, na kastabini ya shaba.

Sikuanza na kisa hicho ili kumsengenya maiti. Nimekileta kwa sababu naamini wasomaji wengi wa ukurasa huu wana bibi kama huyo, au shangazi, au jirani. Uchoyo wa mshono ni maradhi ya zamani katika pwani yetu. Mwenye kujua ua la kofia hulificha, mwenye kujua kudarizi shingo ya kanzu hulificha, na mwenye kujua kufuma ukingo wa mtandio husema amesahau. Nami nasema, na niko tayari kulaumiwa, kwamba uchoyo huo umechangia kutufikisha hapa tulipo. Kofia za mashine kutoka ng’ambo zimejaa madukani, kila moja sawa na mwenzake, ilhali mabinti wawezao kushona kofia ya mkono tangu mwanzo hata mwisho wanazidi kuadimika.

Niliyafungua macho yangu si Lamu wala Mombasa, bali Nakuru, ninakoishi kwa miaka kadhaa sasa kwa sababu ya kazi ya mume wangu. Msomaji wa pwani akisikia Nakuru hukumbuka heroe wa ziwani, baridi ya mwezi wa Julai na mlima wa Menengai. Lakini Waislamu tuko huku tangu zamani. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapa ikielekea ziwa kuu, ambako ilifika mwaka 1901, na njia hiyo iliwaleta watu wa kila namna: watu wa mwambao, Wahindi, na baadaye wengine wengi waliofuata kazi na biashara. Ukienda mtaa wa Bondeni utasikia adhana na utasikia Kiswahili kilichochanganyika na lugha za bara zote.

Mtaani petu, baada ya sala ya alasiri, akina mama hukaa nje na kazi zao za mkono. Yupo mama wa Kikuyu, mzaliwa wa Njoro, ambaye hufuma vitambaa vya viti kwa kroshia. Yupo Mkalenjin aungaye vipande vya nguo kuwa tandiko la kitanda, kwani huku kwenye baridi tandiko zito si pambo bali ni haja. Yupo mama wa Kinubi asukaye tabaga, yaani kile kifuniko cha chakula ambacho sisi tungekiita kawa, kwa rangi nyekundu, kijani na zambarau. Hakuna hata mmoja kati yao anayeishi kwa kazi hiyo. Ni starehe yao na mapumziko yao.

Kilichonishangaza siku ya kwanza ni kuona kwamba hakuna aliyefunika kazi yake. Mmoja alipokosea hesabu, mwenzake aliichukua kazi ile, akafumua safu mbili, akamwonyesha polepole, kisha akamrudishia. Aliyetamani ua la mwenzake aliomba kitambaa akaenda nacho nyumbani siku tatu, akakirudisha kimefuliwa na kupigwa pasi. Mimi niliyelelewa katika siri nilikaa pale mikono kapu, nimeishika kazi yangu chini ya buibui kama mwizi.

Siku moja nikajipa moyo nikaitoa ile kofia ya babu. Nikawaeleza kisa chake. Jirani yangu wa Njoro akaigeuza, akaitazama ndani na nje, akasema, “Dada, mkono wa mtu hausemi uongo. Tutahesabu tu.” Akaleta karatasi nyembamba, akaitandika juu ya kofia, akapitisha penseli kwa ubavu. Vitobo vikajichora kimoja kimoja. Tukahesabu usiku ule mpaka watoto wakalalamikia chakula. Mwanamke ambaye hajapata kuvaa wala kushona kofia maishani mwake alinisaidia kulipata ua la bibi yangu, kwa sababu tu yeye amezoea kwamba kazi ya mkono ni ya kutazamwa.

Sasa wako watakaosema: hiyo ni desturi ya bara, sisi wa pwani tuna yetu. La hasha. Ukiichunguza historia ya nguo zetu, utaona kwamba karibu kila kitu tunachojivunia kimetokana na kupeana.

Chukua leso. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkono vilivyotoka kwa Wareno, ambavyo viliuzwa vikiwa havijakatwa kutoka jora. Wakavikata vitatu vitatu na kuvishona pamoja, vikawa nguo moja pana yenye vitambaa sita. Jina la leso limebaki mpaka leo kuwa ushahidi. Ikiwa masimulizi hayo ni ya kweli, basi asili ya leso ni kuunga vipande, kazi ile ile anayoifanya Mkalenjin wa mtaani kwetu. Na lau yule mwanamke wa kwanza aliyeunga vitambaa angejifungia chumbani, leso ingekuwa vazi la mtu mmoja, ikazikwa naye.

Chukua kofia yenyewe. Msomaji ajuaye kazi hii atakubali kwamba kofia ya mkono haikuwa kazi ya mtu mmoja. Ina sehemu mbili, duara la juu na ukanda wa pembeni, na kila sehemu ni tabaka mbili za nguo nyeupe zilizoshonwa pamoja. Mmoja huchora maua kwa penseli. Mwingine hufuata mistari kwa mishono ya karibu karibu, kisha vitobo hutobolewa na kushikizwa kwa uzi kimoja kimoja. Kofia moja huweza kuchukua mwezi, miwili, hata zaidi. Mchoraji asipomwamini mshonaji, hapana kofia. Na utamaduni wa kofia umesafiri. Ukienda Maskati utawaona Waomani wamevaa kumma, kofia iliyojaa nakshi na vitobo, na wengi hutaja uhusiano wake na Zanzibar na mwambao wetu. Haikufika huko kwa kufichwa chini ya leso.

Hata neno letu kudarizi lina mafunzo. Maana yake ni kutia nakshi kwa uzi, na pia ni kushona tabaka za nguo zishikamane. Watu wengi duniani wana kazi ya namna hiyo, lakini mfano unaonigusa mimi ni wa Wasidi wa Karnataka huko India. Hawa ni wazao wa Waafrika waliovushwa bahari zamani, wengi wao wakiwa watumwa wa Wareno wa Goa. Wako Waislamu, wako Wakristo na wako Wahindu. Wanawake wao hushona matandiko yaitwayo kawandi. Hutandika vipande vya nguo kuukuu, wakaanzia ukingoni na kuzunguka kwa uzi kuelekea katikati. Pembeni huweka vipande vidogo vilivyopandanishwa, ambavyo huviita maua, na tandiko lisilo na maua hayo huonekana halijatimia. Watu walionyang’anywa nchi, na wengi wao lugha pia, wameshika sindano, wakapokezana kutoka mama kwa binti, na dini tatu zikakaa juu ya tandiko moja. Sisi ambao hatukuvushwa bahari tuna udhuru gani?

Iko hoja moja nzito ambayo sipendi kuipita juu juu. Mama mmoja wa Mombasa aliniambia, “Wewe mumeo anakulisha. Mimi ua langu ndilo unga wangu. Nikilionyesha, kesho mfanyabiashara atalipeleka kiwandani.” Maneno hayo ni kweli, wala sina haki ya kumwambia mtu atoe chakula cha wanawe. Anayeshona kwa riziki ana haki ya kulinda kazi yake mpya aliyoibuni mwenyewe. Ninaosema nao hapa ni sisi tushonao kwa kupenda, pamoja na wale washikao mishono ya mababu ambayo hakuna aliye hai awezaye kudai kwamba ameibuni yeye.

Tena, kuficha si kulinda. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno “kikoy” liwe alama yake ya biashara. Wakenya walipinga, wakasaidiwa na rafiki zao wa huko huko Uingereza, na ombi lile halikufika mbali. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba kikoi ni nguo ijulikanayo na watu wengi, si mali ya mtu mmoja. Fikiri basi, lau kikoi kingekuwa siri ya nyumba tatu za Lamu, nani angesimama kutoa ushahidi? Mwaka 2016 Kenya ilipata sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni, na sheria hiyo inataka maarifa hayo yaandikwe katika daftari. Lakini daftari haliwezi kuandika kitu kisichoonekana. Ua la bibi yangu lingeibwa na mtu yeyote baada ya kufa kwake, nasi tusingekuwa na neno la kusema, kwani hakuna shahidi aliyeliona likishonwa.

Hata hivyo, kupeana nako kuna adabu zake, na hizo ndizo nilizojifunza Bondeni. Kwanza, anayepewa ua humtaja aliyempa. Wenzangu wa hapa husema wazi, “Hili nimelipata kwa mama fulani,” wala hawaoni haya. Pili, kazi ya kuazimwa haikai. Tatu, haifai kumcheka anayeanza, kwani binti aliyechekwa kwa mshono wake wa kwanza hashoni wa pili. Nne, ukipiga picha kazi ya mwenzako kwa simu, muulize kwanza kabla ya kuisambaza. Na tano, ambalo ni gumu kuliko yote, onyesha na upande wa ndani wa kazi yako, mahali penye mafundo na makosa, maana fundi hujifunzia huko.

Iko faida nyingine ambayo siwezi kuinyamazia, kwa kuwa naishi Nakuru. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mji huu uliingiwa na msiba. Majirani walikimbiana, na maelfu ya watu wakapiga kambi katika uwanja wa maonyesho. Sisemi kwamba sindano huzuia panga. Lakini nimeona kwamba mtu uliyemrekebishia hesabu ya mishono, naye akakurekebishia yako, humwiti tena kwa jina la kabila lake. Unamjua kwa mkono wake. Hilo si dogo katika mji kama huu, wala si dogo kwetu pwani, ambako nako tuna nyufa zetu.

Basi nashauri hivi. Katika kila mtaa, akina mama wachague alasiri moja ya juma wakae na kazi zao, si kwa mkutano wala kwa mchango, bali kwa kuonyeshana. Wazee waalikwe kwanza, kwa sababu wao ndio wanaotangulia. Wasichana waje, na wavulana pia, kwani pwani yetu imepata kuwa na wanaume mahodari wa sindano. Liwekwe daftari moja la kawaida la shule, na kila ua lichorwe humo pamoja na jina la aliyelileta na la aliyemfundisha. Kutoa ni moyo, wahenga walisema, usambe ni utajiri. Nasi tumefundishwa tangu chuoni kwamba elimu yenye manufaa haikatizi thawabu za mwenyewe hata akiwa kaburini. Sijui kwa nini tulidhani mshono haumo katika elimu hiyo.

Ama ile kofia, tuliimaliza. Ukanda wa pembeni ni ua la bibi, kitobo kwa kitobo. Duara la juu lilikuwa limeliwa na nondo, hapakuwa na cha kuhesabu, basi jirani yangu akachora ua kutoka katika vitambaa vyake vya viti, nami nikalishona. Mume wangu aliivaa sala ya Idi. Mzee mmoja alimshika bega wakitoka msikitini akamwuliza ule ni mshono wa wapi. Akamjibu, “Wa Lamu na Njoro.” Mzee akaivua kofia ile kichwani mwake kwa mikono miwili, akaigeuza, akautazama upande wa ndani.